Viti vya Waholanzi wa Kwai

Jumanne, 2 Julai

Kiti cha kumi na nne hiki. Nimekitoa Soni, kwa kinyozi Shabani. Miguu mizima. Plaiwudi ya mgongo haina ufa. Chini ya kikalio chapa ya kiwanda bado inasomeka, na pembeni yake doa nene la rangi nyekundu. Nimeandika daftarini: "Doa jekundu – Shabani kinyozi."

Nimekibeba kichwani kutoka stendi ya Lushoto hadi nyumbani. Bodaboda wakanipigia honi njia nzima. Mmoja akapaza sauti: "Mpisheni mbunge wa viti maalumu!" Sikugeuka. Nilicheka nilipofika kwenye kona.

Mabega yanauma. Basi niandike tena hoja yangu, nisije nikaisahau kwa sababu ya mabega. Miaka ya sitini walimu Waholanzi walifungua chuo kidogo cha ufundi kule Kwai. Wakaja na viti vyao. Miguu ya bati nene lililokunjwa, mipana katikati, myembamba mwisho, kama mguu wa mbuzi anayetaka kuruka. Kikalio na mgongo wa plaiwudi iliyopindwa. Vilibuniwa kwao baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nchi ikiwa magofu, kwa imani kwamba karani na mwanafunzi wanastahili kukaa pazuri sawasawa na waziri. Kwangu kiti kile ni ilani ya kisiasa yenye miguu minne. Walimu walipoondoka wakavigawa kwa wapishi, watunza bustani na majirani. Leo Ulaya vinauzwa mnadani na kuwekwa katika sebule ambamo hakuna anayethubutu kuvikalia. Huku kwetu vinakaliwa. Na huku ndiko vinakotoweka, kwa sababu Bwana Elisante, mfanyabiashara wa Arusha, anapita na kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, akitoa viti viwili vipya vya plastiki kwa kimoja cha Kiholanzi.

Mimi sina kirikuu. Nina mdomo, na likizo ndefu kabla ya kurudi chuoni kumaliza shahada ya sheria. Ninachowaambia wenye viti ni hiki: kiti kinabaki chako, mimi nakitunza tu, katika stoo ya viazi ya mama, pamoja na vingine, watu waje wavione. Vikiwa pamoja, hakuna mfanyabiashara atakayevinyofoa kimoja kimoja. Wamenielewa. Au wamenihurumia. Sijali ni lipi.

Alhamisi, 4 Julai

Ukungu hadi saa tano. Sweta mbili. Nilikwenda kwa Bi Mwantumu, mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana, mama wa mtaa mzima. Shikamoo. Marahaba, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa maharage. Nikaanza kuhutubia. Nilikuwa nimefika kwenye "wajibu wa kizazi chetu" aliponikata.

"Mwanangu, kiti hicho nilikikalia nikimnyonyesha Saidi. Saidi sasa ana kipara. Sema, unataka kiti au unataka kura?"

"Kiti, mama."

"Kichukue. Ila msiba ukitokea, kitoke."

Nimekubali. Siwezi kulibishia hilo. Pakitokea msiba kila nyumba hupeleka viti vyake, cha Mwislamu kwa Mkristo, cha Mkristo kwa Mwislamu. Na ili kila kimoja kirudi kwao, kila nyumba hupaka alama yake ya rangi ya mafuta. Cha Bi Mwantumu kina mistari miwili ya kijani kwenye mguu wa mbele. Inachukiza. Mtu amekesha akitafuta umbo kama lile, kisha inapita brashi ya kupakia geti rangi. Nimeandika: "Mistari miwili ya kijani – Bi Mwantumu."

Cha kumi na tano.

Jumapili, 7 Julai

Bwana Elisante amekuja nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akamwamkia mama kwa adabu zote, akayaulizia magoti yake, akanywa vikombe viwili vya chai. Mama amempenda. Hasira.

Alipoingia stoo alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha karibu. Akakipindua kiti kama nesi anavyompindua mtoto mchanga. Akanionyesha nilichokuwa sijakiona: kila mguu ni kipande kimoja cha bati, hakuna kiungo mpaka unapofika juu kabisa. Anajua kuliko mimi. Lazima niliandike hilo, hata kama linaniuma.

Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Binti, mkusanyo mzuri, lakini mchafu. Mjuzi wa vitu hivi anataka kukiona kama kilivyotoka kiwandani." Atarudi Jumamosi ya tarehe 20, asubuhi, na plastiki zake. Mwenye kiti atakayetaka kubadilisha, abadilishe.

Siku kumi na tatu. Anasema mchafu? Nitamwonyesha usafi.

Jumatano, 10 Julai

Thina, msasa, matambara. Nimeazima vyote kwa jirani yetu Fundi Hoza, aliyekuwa akichomelea vyuma kabla macho hayajachoka. Alitikisa kichwa. "Taratibu, mjukuu wangu. Ukikwangua sana utatokea Uholanzi."

Vinane leo. Nyekundu, bluu, nyota, nusu mwezi, herufi za majina ya watu, vyote vimeyeyuka. Mikono inawaka. Kichwa kinazunguka kwa harufu. Nina furaha ambayo sijaipata tangu siku wanafunzi wenzangu chuoni walipoipitisha hoja yangu kwa kauli moja.

Ijumaa, 12 Julai

Vyote kumi na tano. Chuma kitupu, kinang'aa. Nimevipanga safu tatu, kama ukumbi wa bunge kabla wabunge hawajaja kuuharibu. Jioni vimeletwa vingine vitatu kutoka Kwai, vimejaa rangi. Hivyo nitavisafisha Jumatatu. Kumi na nane! Nani alisema mtu mmoja hawezi?

Mama alisimama mlangoni akavitazama muda mrefu. "Vimekuwa mapacha," akasema.

Nikamshukuru.

Jumamosi, 13 Julai

Mzee Nathanaeli wa Kwai amefariki alfajiri. Alikuwa mpishi wa Waholanzi. Kiti chake kilikuwa cha pili katika daftari langu. Mwezi uliopita alinisimulia supu nzito ya njegere waliyomfundisha, na jinsi alivyoitia pilipili kwa siri mpaka wakaizoea. Ninahuzunika kweli.

Bi Mwantumu alifika kabla ya saa nne. Alisema maneno mawili: "Viti vitoke." Vikatoka, vyote kumi na nane, juu ya pikapu ya kabichi. Chini ya turubai wazee wakavikalia, Walutheri na Waislamu, makoti mazito, mikono magotini. Nilikuwa upande wa kina mama, mwiko mkononi, nikiwaangalia. Na nilijivuna. Msibani. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 15 Julai

Tumemzika. Na mimi nimejiaibisha, kaburi likiwa bado bichi.

Baada ya mazishi baadhi ya watu walitaka kuondoka na viti vyao, maana wana wageni waliotoka mbali na watalala kwao wiki hii. Ni haki yao. Niliahidi hivyo. Shabani kinyozi akashika kimoja. Bi Mwantumu akakishika hichohicho.

"Hiki changu, mama."

"Chako kina nini?"

"Kina... kilikuwa na nyekundu."

"Na changu kilikuwa na kijani. Haya, nionyeshe nyekundu yako, nami nikuonyeshe kijani changu!"

Watu wakaanza kuvipindua viti, kimoja baada ya kingine, kama wanaotafuta sarafu iliyopotea. Hakuna kitu. Chuma. Nikakimbilia daftari, nikalifungua mbele ya wote, na hapo hapo nikaelewa nilichokifanya. Doa jekundu – Shabani. Mistari miwili ya kijani – Bi Mwantumu. Nyota – Mzee Nathanaeli. Kurasa mbili za alama, na alama zote nimeziyeyusha kwa mikono yangu mwenyewe. Mwaka wa tatu wa sheria! Nimefuta hati za watu kumi na watano nikaita usafi.

Shabani alivuta. Bi Mwantumu alivuta. Mjane, Mama Eliza, alikuwa amesimama mlangoni. Walipomwona waliachia wote wawili kwa pamoja, na kiti kikaanguka.

Jumanne, 16 Julai

Viti vimerudi stoo. Hakuna aliyekubali kubeba asichokuwa na hakika nacho. Hata vile vitatu vya Kwai, vyenye alama zake, wenyewe wameviacha. Nadhani wameona aibu kufaidi peke yao.

Mama ameleta habari kutoka sokoni. Watu wameafikiana: Jumamosi vyote viende kwa Elisante, kila nyumba ipate plastiki mbili mpya zinazofanana, ugomvi uishe. Ni uamuzi wa haki. Ndiyo maana unaniumiza. Ukiwa wa dhuluma ningejua la kufanya.

Nimeandika hotuba ya kurasa nne. Nimeichana. Hotuba haimwambii mtu kiti chake ni kipi.

Jumatano, 17 Julai

Baridi. Sikutoka. Bodaboda wanapita barabarani kimya. Afadhali wangenizomea.

Alhamisi, 18 Julai

Fundi Hoza alikuja kuchukua chupa yake ya thina. Alichoka kusimama, akakaa kwenye kiti cha karibu. Akainama, akapapasa pini za chuma chini ya kikalio.

"Hii riveti nimeipiga mimi."

Nikamwuliza ana hakika gani. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. "We mtoto! Riveti ya kwanza ilikatika mwenye kiti hiki aliposimama juu yake kubadilisha balbu. Alianguka na balbu. Mkewe ndiye aliyekileta, anacheka mpaka hawezi kuongea." Akataja jina la mwenye nyumba. Akahamia kiti kingine, akapitisha dole gumba juu ya mshono wa kuchomelea. Jina la pili. Kabla chai haijachemka alikuwa amevitambua vinne, na macho yake hayaoni hata sindano.

Niliondoka mbio, viatu havijafungwa, hadi kwa Bi Mwantumu. Sikuanza na mpango. Nilianza na lile ambalo siku tatu nilikuwa nalikwepa. "Nimekosea, mama. Nisamehe." Nimesimama kwenye majukwaa ya siasa za chuo miaka mitatu, na sentensi hiyo sijawahi kuitoa juu yake. Aliniacha nisimame muda wa kutosha. Nadhani alikuwa anahesabu.

Kisha nikamweleza habari ya Hoza. Alicheka, kwanza taratibu, halafu kwa mwili wote. "Basi waje wakae! Makalio yana akili kuliko daftari lako."

Wote wameitwa Jumamosi, saa moja asubuhi. Kabla ya kirikuu.

Jumamosi, 20 Julai

Nitaandika yote, hata mkono ukichoka.

Saa moja nyasi zilikuwa bado zimelowa. Nilivipanga uani viti kumi na vitano vilivyopoteza alama, mduara mkubwa, na vile vitatu vyenye rangi pembeni. Wenyewe walikuja na mablanketi mabegani, wamenuna. "Onga mshi," mmoja akasema, salamu ya Kisambaa kwa sauti ya mtu anayesalimia mahakama. Bwana Elisante aliwahi kuliko nilivyotaka. Kirikuu kilisimama kwenye geti, plastiki zimepandana hadi juu, zina rangi ya bluu. Akazima injini. Akaomba ruhusa kutazama. Nikampa.

Fundi Hoza alianza na vinne vyake. Hakuna aliyebisha. Wenyewe walipovikalia nyuso zilibadilika. Unamwona mtu anafika nyumbani. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya mwenyekiti wa kikao. Watu walikaa, wakainuka, wakahamia kingine. Mmoja alinyanyua kila kiti kwa mkono mmoja mpaka uzito ukakubali. Mwingine aliutafuta ukingo wa kikalio uliotafunwa na mbuzi wake, akaupata, akamsifu mbuzi.

Shabani alikirudia kile cha ugomvi. Alimkalisha juu yake mteja asiyeonekana, akamzungushia taulo, akamwinamisha kichwa. Watu wakaanza kucheka. Bi Mwantumu akamsukuma pembeni, akakaa. Akatulia. Akatikisika kushoto, akatikisika kulia.

"Siyo," akasema. "Hiki kinayumba kama mtu anayeogopa wembe. Chukua, Shabani."

"Nilisema mimi!"

"Ulisema. Sasa nyamaza kabla sijakizoea."

Chake alikikuta baada ya kujaribu vingine vitano. Alifumba macho. "Huyu hapa," akasema, kama kiti kilikuwa mtu.

Mama Eliza alikuja mwisho, kitambaa cheusi kichwani. Watu wakampisha. Hakukaa kwenye hata kimoja. Alipita akitelezesha vidole chini ya ukingo wa mbele wa kila kikalio, na kwenye cha saba vidole vikasimama. Pana kovu dogo katika plaiwudi. Kila asubuhi, miaka yote hiyo, mzee alipomaliza kumenya viazi alichomeka kisu chake hapo. Mimi nililipitishia msasa kovu hilo. Nilidhani ni ubovu. Halikutoka, namshukuru Mungu. Alikaa.

Wawili waliobaki hawakuweza kutofautisha vyao. Ni mashemeji. Wameamua kubadilishana viti kila mara, mpaka mmoja alalamikie mgongo.

Ndipo Bwana Elisante akaingia uani. Alipiga magoti kwenye nyasi na tochi yake ndogo, akavikagua. Alipoinuka alikuwa na huruma usoni, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko dharau. Rangi zile za msiba, akanieleza, zilikuwa zimeifunika rangi ya kiwanda na kuilinda kwa miaka. Fundi wake angezitoa kidogo kidogo. Msasa wangu umezitoa zote mbili. "Umefika kwenye chuma, binti. Kwangu hivi sasa ni viti tu."

"Na kwetu," akajibu Bi Mwantumu. "Twavikalia."

Alivitaka vile vitatu tu, vyenye alama. Wawili kati ya wenyewe wakakubali. Ulimi wangu ulikuwa tayari, hoja zimejipanga, naijua sauti ambayo ningeitumia. Lakini mmoja wao ni bibi mwenye wajukuu sita na kiti kimoja. Nilishika mguu mmoja wa kiti chake, Elisante akashika mwingine, tukakipandisha. Wa tatu, mwalimu mstaafu, alikitazama kiti chake, akazitazama plastiki, akasema atafikiri. Akaondoka nacho begani, bado anafikiri.

Kumi na sita vimebaki milimani. Viwili vimekwenda. Mimi ndiye niliyeharibu rangi ambayo haitarudi, na kwa sababu hiyohiyo hakuna anayevitaka isipokuwa wenyewe. Sijui niuite nini ukweli huu. Nimelala nao mchana mzima kifuani na bado unanichoma, lakini sijautupa.

Kazi ya mwisho ilikuwa yangu. Fundi Hoza alileta makopo yake. Kila mmoja akaja na kiti chake na kutaja alama yake, nami nikapaka. Doa jekundu. Nusu mwezi. Nyota ya Mama Eliza, nimeirudia mara mbili mpaka ncha zote zikakaa sawa. Bi Mwantumu alisimama juu yangu. "Weka nene. Hupaki kucha hapa."

Nimeweka nene.

Saa nane uani palikuwa patupu. Vyote vimekwenda makwao, Soni, Kwai, mtaani kwetu. Nimeanza daftari jipya: kiti, nyumba, njia ya kufika, jina la mtu wa kumwamkia. Atakayetaka kuuona mkusanyo wangu itambidi atembee siku mbili na anywe chai kumi na sita.

Jumapili, 21 Julai

Nimelala hadi saa tatu. Mama amerudisha viazi stoo.

Jumapili, 28 Julai

Shume. Mama alinituma kwa mkulima mmoja, Mama Gladness, kuchukua mbegu ya viazi. Ukungu umekaa kwenye misonobari, huoni ng'ambo ya shamba.

Chini ya upenu wa jiko lake pana kabati refu kwa upana, fupi kwa kimo. Miguu ya bati lililokunjwa. Lilikuwa na milango miwili ya kuteleza. Umebaki mmoja, na huo unasogea kwa kidole. Ndani, kwenye majani makavu, kuku anaatamia.

Niliinama nikaona nusu ya chapa ya kiwanda kilekile. Nusu ya pili iko chini ya kuku.

"Unalipenda kabati la kuku?" Mama Gladness akauliza.

"Nalipenda, mama."

"Siliuzi."

"Sijaomba."

Alinichunguza kidogo, kisha akanisogezea ndoo niikalie. Tukachambua mbegu, ndogo huku, kubwa huku. Alinieleza jinsi anavyofunga ule mlango jioni, kwa sababu ya kicheche anayewinda kuku. Niliandika jina lake, njia, na kwamba mlango unateleza vizuri.

Anasema mayai yakianguliwa nirudi, kuku atakuwa ametoka na nitaona ndani vizuri. Zimebaki siku tisa.